Kipande Nilichokifukiza Udi

Rukia,

Kwanza nikugombeze, kuaga kutafuata. Mtoto gani huyo huondoka na sanduku moja, akasema, "Bibi, narudi karibuni," kisha karibuni yake ikazaa Iddi juu ya Iddi, mpaka mnazi alioupanda nyuma ya choo ukampita bibi yake kimo? Kila Iddi nilikuwekea sahani yako ya mahamri na mbaazi. Hukuja. Nikaila mwenyewe kwa hasira, na unene huu uuonao ni wako, uje uubebe. Bi Esha hapo jirani akiniuliza, "Mjukuu wako yu hai?" Nami namjibu, "Yu hai, ila njia imemsahau." Nilijua fika kwamba si njia iliyosahau.

Sasa umekwenda Mambrui kuaga wazee, nami nimekaa barazani na karatasi juu ya sinia, jua bado lina nguvu. Skuli sikuikanyaga, wajua. Lakini marehemu mama alinifunza herufi za chuoni, zile za Kiarabu, jikoni, kwa kipande cha mkaa ukutani, na kila nilipokosea nilipakwa masizi puani. Wewe umezisoma herufi hizi chuoni, basi usijifanye Uzungu umezifuta. Mstari ukipinda, pinda nao.

Habari za sweta, za kula ushibe, za kuangalia mkoba kituoni, sikuandikii. U mtu mzima, baridi ikikuuma utavaa. Nakuandikia juu ya kile kipande, maana tangu juzi mimi na wewe tunapita kando yake kama watu wanaopita kando ya jeneza ukumbini. Sauti chini, macho pembeni. Nyumba yangu haijazoea hivyo. Nyumba hii watu hugombana kwa sauti.

Siku uliyofika, shikamoo yenyewe hujaimaliza, ulitoa kikasha mkobani. Ndani pamba. Chini ya pamba kibao cha shaba, na katikati ya shaba kitu kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, cheusi, kinang'aa kama kioo. Bi Esha aliinama mpaka miwani ikamwanguka.

"Hiki ndicho kilichokuweka huko miaka yote? Kuku akikidonoa hatajua kama amekula."

Ukacheka. Nilikuwa nimesahau unavyocheka, unaanza na mabega. "Bi Esha, hii ni leza."

"Leza ndiyo nini?"

"Mwanga ulionyooka. Taa ya kawaida inamwaga mwanga huku na huku, kama wewe unavyomwaga maji ya vyombo uani. Leza inaupeleka mahali pamoja, rangi moja, mstari mmoja, hautawanyiki."

"Mbona haiwaki?"

"Haiwaki yenyewe. Unaimulika kwa leza nyingine, yenye mwanga wa nguvu lakini usio mzuri. Hii inaunywa mwanga ule, kisha inautoa wake, safi kuliko ule iliounywa."

"Ala! Kama mwanangu Athumani," akasema Bi Esha. "Haamki mpaka aamshwe. Ila huyu wangu akishaamka hatoi kitu."

Tukacheka wote watatu. Kisha mimi nikakuuliza lile ambalo huulizwa mimi: kibao cha shaba na kijiwe cheusi, ghali kitu gani? Ukakaa juu ya mkeka kunieleza, mpaka wali ukaungua. Nami sikujali, ingawa nilikusonya.

Ulisema kuna chumba cha chuma, hakizidi pipa kubwa, mnachokivuta hewa yote mpaka ndani hata harufu haimo. Kazi ya kuvuta hewa peke yake hula siku na siku, mashine zikinguruma usiku kucha, na kikipatikana kitundu hata cha kupita pumzi ya sisimizi, mnaanza upya. Humo ndani mna vijungu vya madini. Mojawapo, ulisema, ni ile sumu ya panya, nikashika kichwa. Mnayatia moto mpaka yatoe mvuke, na mvuke ule unatua juu ya kisahani cha jiwe safi, tabaka baada ya tabaka. Kila tabaka ni nyembamba hata unywele wa Bi Esha ukiuchana mara mia bado ni mnene. Zile za chini ni za aina mbili zinazopishana, hii, ile, hii, ile, mpaka zote pamoja zinageuka kioo bila kupakwa fedha. Za juu ndizo zinazokunywa mwanga na kuutoa.

"Na tabaka moja ikizidi unene kidogo?" nikakuuliza.

"Kioo kinarudisha rangi isiyotakiwa. Kipande hakiamki."

"Mnafumua?"

"Hakuna kufumua, Bibi. Kisahani kizima kinatupwa."

Na hata kisipotupwa kazi haijaisha. Mnakikata vipande, mnakisugua mgongo mpaka kinakuwa chembamba, mnakibandika juu ya shaba, kwa sababu kikinywa mwanga kinapata homa, na homa isipokuwa na pa kutokea kinakufa papo hapo. Ulisema wengine hukibandika juu ya almasi, maana hakuna kitu kinachochukua joto upesi kama almasi. Bi Esha akasema angekuwa yeye angeibandua almasi akawaachia leza yao. Na baada ya yote hayo, katika kisahani kizima, vinavyoamka ni vya kuhesabu kwa vidole, na vidole vingine vinabaki.

Mimi nikasema, "Kumbe ni kofia."

Wajua kazi iliyokulea. Kofia za vitundu, kila kitundu nakitoboa na kukizungushia uzi, mpaka kitambaa cheupe kinakuwa kama sega la nyuki. Mtu huja, akaishika kofia yangu kwa vidole viwili kama anashika samaki wa jana, akasema, "Bibi, hiki ni kitambaa na uzi tu, mbona ghali?" Nami miaka yote sikuwa na jibu ila kumpokonya. Siku ile juu ya mkeka ndipo jibu lilipokuja: wewe hununui kofia hii peke yake. Unanunua na zile zote zilizoniharibikia njiani mpaka hii ikatokea nzima. Unanunua na macho yangu.

Ulinikumbatia. Ukasema, "Ndivyo hasa, Bibi." Kisha ukasema neno ambalo laiti ningelisikiliza vizuri: "Tofauti ni moja tu. Kofia yako ikipata vumbi unaikung'uta. Hiki hakikung'utwi." Ukanisimulia mnavyovaa nguo nyeupe mpaka kwenye nyusi mkiingia karakana, hakuna wanja, hakuna poda, hakuna manukato. Nikakuonea huruma. Mwanamke wa pwani anakwenda kazini hana harufu hata moja, kama jiwe! Hiyo huruma ndiyo niliyoishika. Vumbi nikaliacha lipite.

Na nilisikia jambo jingine, ulilomwambia Bi Esha ukidhani mimi nachambua mchele. Kwamba ukipita Nairobi, walimu wa chuo kikuu watakaa wakutazame. Wana leza ya kumulikia, hawana kipande. Hiki kikiwaka mbele yao, watakupa chumba, utarudi kufanya kazi hapa nchini. Kisipowaka, utapanda ndege urudi Ulaya, na lini tena hujui. Mchele wangu nikauchambua, mawe nikayatia chunguni, wala sikuona. Rukia Nairobi! Basi moja tu na feri ya Kilifi. Ungekuja kila Iddi.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Na sitakuandikia kwamba nilikuwa mjinga, kwa sababu sikuwa mjinga. Nilikuwa bibi. Bi harusi haendi kuonwa na wakwe bila kufukizwa. Nguo zake, ushungi wake, nywele zake, vyote hupitishwa juu ya chetezo. Nami nilijiambia, huyu kijana wetu mweusi aketiye juu ya shaba anakwenda kuonwa na wakubwa, atakwenda hivi hivi, ananuka pamba? Kwangu mimi udi si uchafu. Udi ndio unaoondoa uchafu. Ulipokwenda sokoni nikawasha makaa, nikatia ule udi mzuri, ule niliouweka kwa ajili ya harusi yako ambayo hunipi. Nikafukiza buibui lako, nikafukiza magauni, kisha nikakifungua kikasha. Pamba ya juu nikaifunua nusu tu, kwa adabu, kama mtu anavyofunua ushungi. Nikakishika juu ya moshi, nikakisomea, nikakiombea. Nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Ulipoingia, mlangoni tu pua ilikusimamisha.

"Bibi, nini hicho?"

"Udi. Nimekufukizia vitu vyako."

"Vitu gani?"

Ukakifungua kikasha. Ukakaa chini, si juu ya mkeka, juu ya saruji.

"Bibi, moshi ni vumbi. Ni vumbi na mafuta. Umeganda juu yake. Nikikimulika, pale penye moshi pataungua."

"Si ukifute?"

"Nikifute kwa kitu gani? Hapa sina dawa yake. Kitambaa kitakikwaruza."

Na Bi Esha, Mungu amsamehe, ambaye alikuja kuomba chumvi, akasema, "Lakini kinanukia vizuri." Hapo ukalia.

Machozi yako ya moshi niliyaelewa. Ni yale uliyoyasema ndani ya machozi ndiyo yaliyonikata. Ulisema, "Miaka yote sikuja kwa sababu vilikuwa vinakufa mkononi mwangu. Kisahani baada ya kisahani. Nikajiapia sitaingia nyumba hii mpaka niwe na kimoja kinachowaka. Nimekipata kimoja. Kimoja tu, Bibi."

Kumbe sahani zangu za mahamri zilikuwa zinangoja kijiwe! Kumbe wewe ulikaa kwenye baridi ile, unatupa visahani, unasema moyoni, bado, bado, Bibi asinione hivi. Nani alikwambia mlango huu unafunguliwa kwa mwanga? Mlango huu una kitasa kibovu, unafunguliwa kwa bega.

Nikupe habari moja ya Bi Esha na mimi, maana yeye hukusimulia kila siku na kila siku huibadilisha. Athumani alipooa, kofia ya bwana harusi niliishona mimi. Esha ni rafiki yangu tangu tunacheza uchi mvuani, kwa hivyo nilisema nitamshonea mwanawe kofia ambayo Malindi haijaiona. Nikaishona msimu mzima. Imebaki safu ya mwisho. Nami wakati ule nalitafuna tambuu. Nikacheka kwa jambo fulani, sikumbuki hata jambo lenyewe, na tone moja jekundu likaruka likatua juu ya ukanda mweupe. Nililiosha, likakua. Nikalitia ndimu, likawa la hudhurungi. Kitambaa kile vitundu vimekwisha kutobolewa, hukibadilishi. Hakuna kufumua, kama ulivyosema.

Unajua nilifanya nini? Nilijifungia. Nikatuma neno kwamba naumwa. Ngoma ya harusi ya Athumani niliisikia nimelala kitandani, kanga usoni, na nyumba ni ya jirani! Walivaa kofia ya dukani. Baadaye nikawa nikimwona Esha kisimani nazunguka njia ya nyuma. Ikawa miezi. Rafiki niliyekua naye, namkimbia kwa ajili ya tone la tambuu.

Siku moja aliingia bila hodi, akanikuta nashona. "Iko wapi?" "Nini?" "Kofia ya mwanangu, mshenzi wee." Nikamtolea chini ya godoro, nalia. Akaitazama, akaizungusha kidoleni. Akasema, "Ndiyo hii tu? Doa hili linakaa nyuma. Nani anamtazama bwana harusi kisogoni?" Kisha akanipiga nayo. "Nilitaka uwe harusini. Kofia ningeweza kununua."

Athumani anaivaa mpaka leo Ijumaa kwa Ijumaa. Mtazame kwa nyuma, utaliona. Na mimi tambuu niliacha, lakini si hilo nililojifunza. Mtu hujifunza kuacha tambuu kwa meno yake. Nililojifunza ni kwamba lile doa halikunigharimu kitu. Kilichonigharimu ni ile harusi. Harusi ya Athumani haikurudiwa kwa ajili yangu.

Sasa jana. Uliketi dirishani na kile kioo chako cha kukuzia, nami nikajifanya nafagia. Ulikaa sana. Kisha ukasema, bila kunitazama, kwamba upande uliokuwa chini ya pamba unaonekana safi. Ukanda mwembamba, ukingoni. Nikaacha kufagia. "Basi patawaka?" Ukasema, "Labda. Lakini nitawapelekea walimu kitu chenye doa? Watasema ndivyo ninavyofanya kazi." Ukasema utapiga simu posta, uwaambie huendi, upitilize moja kwa moja kwenye ndege. Leo Jumapili posta imefungwa. Mungu naye ana watu wake.

Kesho posta itafunguliwa, na basi linapita mlangoni pake. Ndiyo maana naandika.

Rukia, mimi sijui ukanda ule unatosha au hautoshi. Hiyo ni elimu yako, siigusi tena, mkono wangu umefanya kazi ya kutosha hapo. Najua tu uliyoniambia mwenyewe juu ya mkeka: mwanga wa kumulikia hutua mahali padogo kuliko kichwa cha sindano. Basi ukanda ule kwa sindano ni uwanja wa mpira. Zungusha doa likae nyuma. Waambie walimu ukweli, kwamba bibi yako alikifukiza, na huku pana moshi, huku pazima. Wakicheka, wacheke, nawe cheka nao kwa mabega. Mwalimu asiyejua kwamba vitu vizuri vinaharibika njiani hajawahi kukitengeneza hata kimoja.

Kikiwaka, utapata chumba. Moyo wangu unaniambia kitawaka, na moyo wangu si wa kuaminiwa, kwa kuwa unakutaka Nairobi. Kisipowaka, watakuwa wamekuona wewe, umesimama mbele yao na kitu chako mkononi, hukujifungia chumbani na kanga usoni. Watu waliokuona wanaweza kukuita tena. Watu uliowapigia simu ya kutokwenda wanakuita kwa lipi?

Kikasha nimekirudisha vile vile ulivyokifunga, nimekiviringisha ndani ya kanga yangu mpya kwa ajili ya mitikisiko. Ukifika kwenye feri kipakate, usikiweke sakafuni, wale makuli hawajui mgeni. Nguo zako nimezifua upya zote, nimezianika kwenye upepo, na sikuzifukiza. Zinanuka sabuni tu, kama za mtu aliyetoka hospitali. Nimeona uchungu kuzikunja hivyo, lakini nimezikunja.

Barua hii naiweka juu ya buibui lako, uione kabla ya posta.

Na ukija tena, nisikie vizuri. Usingoje mpaka kitu kiwake. Chukua kilichokufia mkononi, kibovu kuliko vyote, kilichopinda, kilichoungua, utie mfukoni, upande basi. Usipige hodi, sukuma mlango kwa bega. Niwekee kiganjani kabla hujaniamkia, nami nitakuonyesha kofia zangu zilizoharibika, ninazo kapu zima chini ya kitanda, hujapata kuziona hata moja. Tutazitazama zote, zako na zangu, tukila mahamri. Chetezo kitakuwa kwa Bi Esha.